Wakala Pekee wa Kanda

Nimefika yadi ya Ipuli kabla lango halijafunguliwa,
mlinzi bado anapuliza uji wake.
Kwenye kibeti nina bei ya Dar es Salaam,
niliyosomewa kwa simu, nikaiandika kwa mkono wangu,
nikaipigia mstari mara mbili isije ikanitoroka.

Pikapu nyeupe. Moja. Bodi ndefu,
madumu hamsini ya asali yalale bila kusuguana,
na mimi nikae mbele, si juu ya mzigo
nilipokaa miaka kumi na mmoja, Sikonge kuja mjini,
vumbi likisagika menoni.

Kijana anaitwa Mihayo. Kola imepigwa pasi hadi inang'aa.
"Mama, hiyo ni bei ya huko. Hapa tuna bei ya hapa."
Nikamwambia, huko na hapa chuma ni kilekile.
Basi nitaifuata bandarini mwenyewe,
dereva ninaye, mtoto wa dada, leseni haijaisha.

Akatabasamu kama mtu anayefunika sufuria.
Akaleta faili.

Kifungu cha tisa:
kiwanda hakitamuuzia mnunuzi.
Muagizaji hatamuuzia mnunuzi wa Kanda ya Magharibi.
Kanda ina wakala mmoja tu, ndiye sisi,
Tabora hadi Kigoma, mpaka maji yanapoanza.
Atakayenunua kwingine
asije kwetu na dhamana wala injini inayokohoa.

"Nani aliandika?"
"Walioandika."
"Na mimi waliniweka wapi?"

Akanitafuta. Kwa haki, alitafuta kweli,
kidole kikishuka mstari kwa mstari
hadi kwenye sahihi mbili na muhuri.
Mnunuzi alikuwemo mara tatu.
Mara zote tatu alikuwa anauziwa.
Hata mara moja hakununua.

Nikaomba kalamu. Bei ya Dar juu ya bei ya Ipuli,
nikatoa. Milioni sita na laki mbili.
Nani amezilalia hizi?
"Ni usafiri, Mama. Ni pango. Ni hizi taa."
Halafu, kwa sauti ndogo, akitazama viatu vyake:
"Ni mimi."

Hapo nikanyamaza.

Maana yuko Kalunde, kule Ipole,
anayerina usiku, mikono imevimba hadi kiwiko,
aliyeniuliza mwaka jana, bila ugomvi,
dumu langu mjini unaliuzaje?
Nikamjibu: ni usafiri, Kalunde. Ni ushuru wa getini.
Nikamalizia: ni mimi.
Na yule mwenye duka la Kanyenye
aliyeniahidi asali ya Ipole hatainunua kwa mwingine,
tukashikana mikono, tukacheka, tukanywa soda,
kile kilikuwa kifungu cha ngapi?

Sikumwambia Mihayo. Yadi si mahali pa kutubu.
Nikapanda, nikashika usukani uliovikwa nailoni.
Kilomita kumi na saba.
"Nani amezitembea?"
"Kushuka melini, Mama. Kupanda, kushuka."
Hata hizo nikazitoza.
Tukavutana hadi adhuhuri; akapunguza laki tisa,
akaongeza jeki, mazulia, na tairi la akiba lenye upepo.
Wakanipiga picha nimeshika ufunguo wa karatasi
mkubwa kama beleshi.

Sasa tunatoka mjini, mtoto wa dada anaendesha
kama aliyebeba mayai.
Jioni Kalunde atalizunguka gari polepole,
atagonga bodi kwa kifundo cha kidole,
atauliza limechukua shilingi ngapi.
Kisha, kimoyomoyo, atageuza shilingi kuwa madumu.
Hesabu anaijua kuliko mimi.

Tangu kituo cha mafuta natafuta jibu.
Nailoni ya kiti inanibana mapajani kwa jasho,
na bado sijaibandua.